Gunzi Lililobaki Kabatini

Wiki mbili zilizopita nilikabidhi kabati la watoto. Editha, mlezi mpya wa watoto wa parokia yetu, alikuja na daftari na kalamu mbili, akawa anaandika kila ninachotoa. Vitabu vya nyimbo kumi na vinne, vinne kati yake havina jalada. Nondo ya kugongea kengele; kengele yenyewe ni rimu ya gari na inaning'inia nje, haiwezi kuingia kabatini. Mabango ya maboksi niliyochora mwenyewe, ambayo Nuhu ana sura ya mjomba wangu kwa sababu sikuwahi kumchora mtu mwingine. Sare za watoto wanaocheza wakati wa Misa, zilizoleta ugomvi mwingi kati ya akina mama kuliko mipaka ya mashamba. Kutoka rafu ya chini kabisa akatoa gunzi la mahindi lililofungwa kipande cha khanga, limeliwa na wadudu upande mmoja.

Akaniuliza, "Mwalimu, hili nalo tuliandike au tulitupe?"

Nikamwambia aliandike. Akataka kujua aandike kazi yake ni ipi. Nilishindwa kumjibu pale pale, nikasingizia kwamba jua limekuwa kali na miguu inaniuma. Haya ninayoyaandika ni jibu lake, na pia ni la walezi wengine watakaoshika funguo za kabati lile baada yake.

Mimi ni mtu wa Ukata, kule milimani Mbinga, mtoto wa kahawa na baridi. Ziwa nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nilipomfuata mume wangu aliyepangiwa kufundisha shule ya msingi huku upande wa Ngumbo. Kwetu milimani maji hukaa mahali pake na mtu huyafuata. Huku yalikuwa yanakufuata wewe, na mwezi wa kwanza sikulala vizuri kwa ajili ya kelele zake. Usipa nilikuwa nimewala wakavu tu, kutoka soko la Mbinga. Sikujua kama samaki mdogo vile anaweza kunukisha pwani nzima.

Mzee Gaudensi, katekista wa parokia, ndiye aliyenivuta kwenye kazi ya watoto. Aliniona nikimnyamazisha mtoto wa mwenzangu wakati wa mahubiri, akasema mtu wa namna hiyo anamhitaji. Cheo na posho sitavizungumzia hapa, maana ili mtu azungumzie kitu lazima kwanza kiwepo.

Mzee Gaudensi alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Kila Jumapili, kabla ya somo, alimzungukia kila mtoto na kumuuliza, "Wewe nani?" Mtoto alitaja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, na Mzee akaitikia kana kwamba ndiyo kwanza analisikia. Wengine alikuwa amewashika mkono tangu walipoanza kutembea. Watoto walikuwa arobaini, na nusu saa iliishia hapo. Siku moja nilimuuliza faida yake. Akaniambia kwamba mtoto akishataja jina lake mwenyewe amekwisha kufungua mdomo, na mdomo uliofunguka ndio unaouliza. Niliona ni maneno ya uzee.

Alipofariki, kazi ikaniangukia. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya walezi Mbinga, nimerudi na mbinu. Nikafuta ile desturi ya majina, nikaleta daftari la mahudhurio: nasoma, wanaitikia "Nipo", dakika tatu tumemaliza. Nikaweka pia utaratibu wa maswali. Anayeulizwa anasimama wima, mikono nyuma. Akijibu sawasawa anakaa, akikosea anabaki amesimama mpaka mwingine amsaidie. Paroko alipokuja kuwahoji watoto wa Komunyo ya Kwanza, hakuna aliyekwama. Nilisifiwa, nikazoea kusifiwa.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa ni ukali mtupu. Tulikuwa na mtoto wa bwana kilimo aliyetoka Lindi, Mwislamu, aliyependa nyimbo zetu. Baba yake alinijia kwa heshima, akasema mtoto akae, aimbe, ila asifanye ishara ya msalaba. Tukakubaliana. Ndiye aliyeijua sala ya Nasadiki mapema kuliko wote, na nilikuwa nikiwatolea mfano wenzake wabatizwa mpaka wakamchukia. Halafu kulikuwa na miezi ya kuchuma kahawa, ambapo baba wengi wa huku walipanda Mbinga kutafuta kibarua, na watoto wakubwa wakabaki kushika nyumba. Miezi hiyo daftari langu lilijaa alama za utoro. Niliziweka zote bila kuuliza sababu.

Sasa nifike kwenye gunzi.

Padre wetu ana vigango vingi vya kuzungukia, na masika barabara hukatika. Mzee Gaudensi alishikilia kwamba kila Mkristo wa pwani hii, hata mtoto, ajue kubatiza kwa dharura, kwa sababu mtu akiwa katika hatari ya kufa na padre hayupo, yeyote anaweza kumbatiza. Mimi niliendeleza somo hilo, nikaliongezea zana. Nilichukua gunzi, nikalifunga khanga kama mtoto mchanga, nikaleta jagi la maji na beseni. Nikasema, "Tuseme huyu mtoto ni Yohane, na yuko hali mbaya." Nikamwagia maji mara tatu: "Yohane, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Watoto wakarudia maneno yale mpaka yakawakaa. Mmoja akauliza kama gunzi nalo litakwenda mbinguni. Darasa likacheka, nami nikasema maswali yamekwisha. Mkono wa Skolastika ulikuwa bado juu. Nilimwashiria aushushe, kwa sababu Misa ya pili ilikuwa inaanza.

Skolastika alikuwa na miaka kumi, darasa la nne, mtoto wa kwanza kwao. Alikuwa mtulivu, na mara nyingi alibaki amesimama darasani, si kwa kutojua, ila kila ukimuuliza swali alianza kwa kukurudishia lake.

Mwaka ule ule, msimu wa kahawa, baba yake alikuwa Mbinga na mama yake alikuwa mjamzito. Asubuhi moja ya Jumamosi uchungu ulimshika kabla ya wakati wake. Mtoto akazaliwa pale pale nyumbani, wa kiume, mdogo mno. Bibi yao alikimbia barabarani kutafuta bodaboda ya kuwapeleka zahanati. Ndani alibaki Skolastika na mama yake, ambaye alikuwa amepoteza fahamu kwa kutokwa damu, pamoja na kichanga. Bibi aliporudi na bodaboda, mtoto alikuwa amekwisha kufariki. Mama waliwahi kumfikisha zahanati, akapona.

Yule bibi ndiye aliyekuja kwangu. Alisema amekuta kichwa cha mtoto kimelowa, na kikombe cha plastiki kiko chini. Alimuuliza Skolastika, naye akalia tu. Bibi alitaka kujua kama mjukuu wake ni Mkristo. Alitaka azikwe kwa sala, watu wakiwa wamesimama, na apewe msalaba. Bila hivyo, desturi ya familia yao ilikuwa kwamba mtoto aliyefariki kabla ya kutolewa nje huzikwa na wanawake wachache, wala haliliwi kwa sauti.

Paroko wa wakati ule alikuwa kigango cha mbali. Nilipanda jiwe lililo nyuma ya shule, ambako mtandao unashika, nikampata. Akaniambia nikamuulize mtoto mwenyewe: kama alimbatiza, tumzike kwa sala za Kanisa naye ataandika ubatizo daftarini akirudi, kama hakumbatiza, niwaachie wazee, naye atakuja kuwaombea. Alisema niulize. Mimi nikaenda kutoa mtihani.

Nilimkuta Skolastika amekaa kizingitini, wanawake wamemzunguka. Nikamsimamisha. Sina sababu ya kutoa, yalikuwa ni mazoea. Alipeleka mikono nyuma mwenyewe, kama darasani.

"Skolastika, ulimbatiza mdogo wako?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na yale maji ya kichwani?"

"Nilikuwa namwosha."

Nikamwambia ni vizuri kusema kweli, kisha nikamwambia akae. Akakaa. Bibi yake aliingia ndani, akachukua kitenge alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kumpokelea mtoto, akaufunga nacho mwili wake.

Tulimzika kabla ya saa sita, wanawake wanne na mimi, pembeni ya mihogo. Hakuna aliyeimba. Mimi, mwenye vitabu kumi na vinne vya nyimbo, nilisimama na jembe mkononi na kujiambia kwamba nafuata utaratibu. Baba yake alishuka kutoka Mbinga siku ya tatu, akaonyeshwa udongo. Aliuliza mtoto aliitwa nani. Bibi akamjibu kwamba hakuwahi kupewa jina.

Baada ya hapo Skolastika aliendelea kuja mafundisho. Aliitikia "Nipo", akapokea Komunyo, ila hakunyoosha mkono tena. Siku za kubatiza watoto wachanga alitoka kanisani kabla ya maji kubarikiwa, nami nikamwekea alama ya utoro, miaka yote hiyo. Niliwahi kumwambia mama yake kwamba binti anaanza kiburi. Natamani nisingekuwa na kumbukumbu nzuri kiasi hiki.

Ikapita miaka sita. Alikuwa kidato cha tatu, na likizo akawa ananisaidia na watoto wadogo, maana hakuna aliyejua kumbembeleza mtoto anayelia kama yeye. Jumapili moja zamu ya somo la ubatizo wa dharura ilifika. Sauti yangu ilikuwa imekauka kwa mafua, basi nikampa yeye gunzi na jagi. Watoto wakawa wanamwangalia. Alilipakata gunzi mkono wa kushoto, akainua jagi kwa mkono wa kulia. Jagi likaishia hewani. Akaviweka vyote chini polepole, akatoka.

Nikawaambia watoto waimbe, nikamfuata. Alikuwa nyuma ya darasa, ameegemea simtanki la maji ya mvua.

"Siwezi, Mwalimu. Nikimwagia atakufa."

"Mwanangu, lile ni gunzi."

"Yule hakuwa gunzi."

Hapo ndipo aliponieleza. Siku ile mtoto alikuwa bado anapumua, analia kwa sauti ndogo. Alimwona anabadilika rangi, mama haitiki, bibi harudi. Akakumbuka somo. Akachota maji ndooni kwa kikombe, akamwagia mara tatu na kusema maneno yote, bila kuruka hata moja. Alipomaliza mara ya tatu, mtoto akanyamaza.

"Ulisema ni kwa mtu anayekufa," aliniambia. "Mimi nilimbatiza analia, ndipo akafa. Nilijua nikikuambia ndiyo, nitakuwa nimekuambia kwamba nimemuua. Ile siku darasani nilinyoosha mkono. Nilitaka kukuuliza, tusipombatiza, hatakufa?"

Nilikaa chini kwenye tope la simtanki, na kitenge changu kipya. Nilikuwa nimewafundisha watoto maji na maneno, nikaacha jambo ambalo mtu mzima haoni haja ya kulisema: kwamba maji yale hayamuui mtu. Mtoto mmoja alikuwa ameliona pengo hilo, akanyoosha mkono, nami nikaushusha. Miaka sita alikuwa ameishi akijihesabu muuaji wa ndugu yake, akija kila Jumapili kuitikia "Nipo" mbele yangu. Nililia mbele yake. Sikuwahi kulia hivyo hata nilipomzika mume wangu.

Nikamwambia niliyopaswa kumwambia zamani. Mdogo wake alizaliwa mapema mno, na kikombe cha maji hakikumpunguzia hata pumzi moja. Katika nyumba ile, asubuhi ile, yeye ndiye aliyemtendea mtoto tendo la Kikristo, na mimi ndiye niliyekuja kulifuta. Nikamwomba msamaha. Akajibu, "Haya, Mwalimu." Ni jibu la heshima tu, kusamehe ni kitu kingine, nimekaa na watoto muda wa kutosha kutofautisha. Nilishukuru hata hilo. Ndani, watoto walikuwa wamemaliza wimbo na kuuanza tena mara ya tatu.

Tangu hapo nilirudia desturi ya Mzee Gaudensi. Nilikuwa nikimzungukia kila mtoto na kumuuliza yeye ni nani, na nusu saa ikawa inaishia hapo kama zamani. Mitihani yetu haikung'ara tena. Daftari la mahudhurio lipo, Editha, utalitumia ukipenda, lakini alama ya utoro usiiweke mpaka umefika nyumbani kwa mtoto. Swali usilikatishe, hata la gunzi kwenda mbinguni, na kengele ya Misa ya pili ikigongwa na mkono mmoja uko juu, waliotangulia kanisani watakusubiri. Na unapofundisha ubatizo wa dharura, sema wazi kwamba anayebatizwa anaweza kupona, na kwamba akifa, si kwa maji. Sema mara mbili.

Limebaki la mwisho. Nilimpeleka Skolastika kwa Paroko tuliyekuwa naye wakati huo, kijana, mgeni bado kwetu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumwuliza kitu. Kisha akanigeukia, akasema kwamba hata kama mtoto asingebatizwa, zilikuwepo sala za kumzika mtoto ambaye wazazi wake walitaka abatizwe. Aliniuliza ni nani aliyeniambia hazipo. Hakuna aliyeniambia; Paroko wa zamani alisema tu niwaachie wazee. Sikuuliza.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulikwenda kwenye ile mihogo: Padre, Skolastika, wazazi wake na mimi. Bibi yake alikuwa amekwisha kufariki, na hilo siwezi kulirekebisha. Padre alisali, tukaimba, baba akasimika msalaba aliouchonga mwenyewe. Halafu tukarudi ofisini ili mtoto aandikwe kwenye daftari la ubatizo. Padre akafungua ukurasa, akaandika siku aliyozaliwa na siku aliyobatizwa, ambayo ilikuwa ile ile. Akaandika majina ya wazazi. Kisha kalamu ikasimama.

"Jina la mtoto?"

Baba akamtazama mama. Mama akanitazama mimi. Nilikuwa nimempa Skolastika mtihani wa maji, na pale kwenye simtanki nikaisikia habari yote, lakini hili sikuwa nimelifikiria.

"Yohane," Skolastika akasema.

Padre akamuuliza ni nani alichagua jina hilo. Akajibu akiwa anatazama chini, "Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha. Yohane, nakubatiza. Nilidhani hayo ndiyo maneno yenyewe."

Padre akaandika. Alipofika mahali pa jina la mbatizaji, aligeuza daftari na kumpa Skolastika kalamu. Akaandika majina yake matatu, polepole, kwa mwandiko wa shule.

Mama yake hajui kusoma. Alikuwa analisema lile jina kwa sauti ya chini, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaniomba nimwonyeshe ni lipi. Nilimshika kidole nikakipeleka mpaka mwanzo wa mstari, lakini kabla hakijagusa karatasi alikirudisha. Akauliza kama wino umekauka, asije akalifuta.

Nikamwambia tusubiri. Tukasubiri wote watano, hakuna aliyeondoka.